Jino la Mtoto na Neno la Tabibu

Mwaka 2007, katika Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko mji wa Chapel Hill nchini Marekani, kundi la watafiti lilitunga orodha ya maneno 30. Yote yalihusu meno na kinywa, nayo yalipangwa kuanzia lililo jepesi hadi lililo zito. La kwanza lilikuwa "sukari". Katika yale ya mwisho mlikuwa na majina marefu ya kitabibu, kama lile la kiungo cha taya na lile la upasuaji wa ncha ya mzizi wa jino, ambayo hata mwenye shahada huyatamka kwa kujikwaa. Mtu alikabidhiwa karatasi, akaambiwa asome kwa sauti. Kwa kila neno alilolitamka sawasawa alipata alama moja. Hakuulizwa maana ya hata neno moja.

Kipimo hicho, ambacho wenyewe wamekiita kwa ufupi REALD-30, ni miongoni mwa vile vilivyoufungulia mlango utafiti wa jambo ambalo humu tutaliita ufahamu wa afya ya kinywa: uwezo wa mtu kuipata habari ya meno yake, kuielewa, na kuitumia ili aamue lililo sawa. Fikra ya ufahamu wa afya kwa jumla ilikuwepo kabla. Scott Simonds aliitaja mwaka 1974 alipokuwa akidai kuwa afya isomeshwe mashuleni kwa viwango maalumu. Lakini kinywa, kama ilivyo ada yake, kilisubiri nyuma ya viungo vingine.

Tumeamua kuifuata safari ya utafiti huo kwa sababu inazihusu nyumba zetu za Pwani kuliko tunavyodhani. Mwenye kumpeleka mtoto kwa tabibu wa meno, mara nyingi, ni mama. Mwenye kupokea maagizo ni mama. Na jino likizidi kuoza, mwenye kulaumiwa ni mama huyo huyo. Je, aliambiwa kwa maneno aliyoyaelewa?

Tusiwadharau wale watafiti wa Chapel Hill. Kumsomesha mtu maneno 30 huchukua dakika chache tu, hata kwenye kliniki yenye watu wengi, na matokeo yake hayakuwa ya bure. Mwaka 2010 walichapisha habari za akina mama na walezi wengine wa kike zaidi ya 1,000 pamoja na watoto wao, familia za kipato cha chini. Walezi waliopata alama za chini kwenye orodha ile ndio waliokuwa na ujuzi mdogo zaidi wa meno. Ndio waliokuwa wakiwalaza watoto na chupa mdomoni usiku. Na ndio ambao hawakuwasafisha watoto meno kila siku. Hali ya vinywa vya watoto wao, kwa kauli zao wenyewe, ilikuwa duni zaidi. Basi neno asilolijua mama lilikuwa na athari kwenye jino la mwanawe. Hilo halina shaka tena.

Shaka iko kwenye kipimo chenyewe, na hapa sisi tuliolelewa juu ya mikeka ya madrasa hatuhitaji kufafanuliwa sana. Sote tumemwona mtoto wa miaka minane aliyeihifadhi Juzuu Amma kwa ghibu, makhraji yake yamenyooka, mada zake zimetimia, na ukimuuliza maana ya aya aliyoisoma sasa hivi anakutazama tu. Kusoma kwake ni kusoma kwa haki, na kuna thawabu ndani yake. Lakini hakuna mwalimu mwenye akili atakayesema kuwa mtoto huyo sasa anaijua tafsiri. Mlango wa kutamka ni mmoja, na mlango wa kufahamu ni mwingine.

Watafiti walilitambua jambo hili walipotaka kuwapima wazungumzaji wa Kihispania. Kiingereza ni lugha ambayo maandishi yake hayafuati sauti, kwa hivyo anayelitamka neno gumu vizuri huenda amewahi kukutana nalo na kulijua. Kihispania sivyo. Hicho kinasomwa kama kinavyoandikwa. Ajuaye herufi zake hulitamka neno lolote, alielewe asilielewe. Kwa hiyo mwaka 2013 kilitolewa kipimo kingine, ambacho baada ya mtu kulisoma neno huulizwa ni neno lipi kati ya mengine linalohusiana nalo. Kutamka kukaunganishwa na maana.

Nani asiyeona kwamba Kiswahili kiko upande wa Kihispania katika jambo hili? Mwanafunzi wa darasa la nne wa Kisauni au Malindi atakusomea "utando wa bakteria", "floraidi" na "ugonjwa wa fizi" bila kusita, herufi kwa herufi. Mzazi wake pia atakusomea. Tukiwapima kwa kutamka, Pwani nzima itafuzu. Na bado wengi wataondoka hawajui kwamba utando huo ni ule ukungu laini unaohisiwa na ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki, kwamba ndani yake mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba vijidudu hivyo vikipata sukari hutoa tindikali inayolila jino taratibu.

Kuna na maneno ambayo kila mmoja anayajua, na hayo tunayaona kuwa hatari zaidi kuliko yale magumu, kwa sababu hakuna anayefikiria kuyaeleza. Mtoto ana jipu la jino, ameandikiwa dawa ya kuua vijidudu. Kwenye kibahasha cha dawa pameandikwa 1×3, na mwenye kuzitoa anasema, "Kila saa nane." Mama anasikia saa nane, ile ya baada ya adhuhuri, kwani kwetu saa nane ndiyo hiyo. Anampa mtoto dozi moja kila siku muda huo, kwa uaminifu kabisa, na moyo wake umetulia kuwa ametii. Mtoaji dawa alikusudia dozi tatu kwa siku, kila moja ikitengana na nyingine kwa muda wa saa nane. Hakuna hapo mjinga wala mzembe. Kuna sentensi moja yenye maana mbili, na mtoto mwenye shavu lililovimba.

Wala hili halikomei kwenye lugha. Kadiri miaka ilivyosonga, watafiti walianza kuuliza mambo yaliyo mbali na karatasi. Huko Baltimore, mwaka 2010, walipima mtu anajua nini kuhusu jino lenyewe, linavyooza na linavyokingwa. Huko Australia, walipokuwa wakifanya kazi na wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walitunga kipimo chenye maswali 29 ambacho ndani yake mtu huulizwa pia kama anaweza kumudu gharama, kama ana mtu wa kumsindikiza, kama anaweza kumwambia tabibu kwamba hakuelewa. Tunaliona hili kuwa geuko kubwa la haki. Mama aliyekosa nauli ya kutoka Likoni si mama asiyefahamu, na vipimo vya mwanzo visingeweza kumtenganisha na mwingine.

Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba vichwa vya watu si mitungi mitupu inayosubiri kujazwa. Mtu anapokuja kwa tabibu huja na elimu yake aliyoirithi. Wazee wetu walisema jino limeliwa na mdudu, na wako waliopelekwa kwa waganga wakafukizwa kinywa kwa moshi mpaka "wadudu" wakaonekana kwenye bakuli. Itikadi hiyo si ya Waswahili peke yao. Ilienea kuanzia Babeli ya kale hadi Ulaya, na Ibn Sina mwenyewe alitaja mafusho ya kuwatoa wadudu hao. Lakini katika karne ya 13 Miladia, Al-Jawbari, mtu wa Sham, aliandika kitabu kizima cha kufichua hila za matapeli, na miongoni mwa aliowafichua ni wale waliojifanya kutoa wadudu menoni. Kwa hiyo ndani ya urithi wetu wenyewe mna aliyeamini na mna aliyechunguza. Tabibu wa leo akimcheka bibi kwa kumtaja mdudu, bibi atanyamaza na hatarudi tena. Akimwambia kwamba viumbe kweli wapo, ila ni wadogo mno wasioonekana na hawatoki kwa moshi, amepata pa kuanzia.

Si kila itikadi ni ya kuchukuliwa kwa upole huo. Kuna ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania waliipa jina la meno ya plastiki, na ambayo imeandikwa pia kutoka Uganda, Kenya na kwingineko Afrika Mashariki. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, fizi zake hutazamwa, na pale mahali pa chonge pakionekana uvimbe mweupe husemwa kuwa hilo ndilo jino la maradhi. Hutafutwa mtu wa kulichimbua kwa kisu, kwa sindano, hata kwa spoki ya baiskeli. Uvimbe huo ni chonge la kawaida ambalo bado halijatoka. Watoto hutokwa na damu nyingi, hupata uambukizo, wengine hufariki. Na wanaopona mara nyingi huharibikiwa na meno ya ukubwani yaliyokuwa chini yake. Uharisho, ambao ndio uliokuwa ukimuua, haukutibiwa. Akina mama, atakayekujia na shauri hili, hata awe mkubwa wa ukoo, msimpe mtoto. Mpelekeni kituo cha afya, na njiani mpeni maziwa ya mama na maji ya chumvi na sukari yanayotolewa kwa ajili ya kuharisha.

Tumetaja kifo, na katika habari za utafiti huu kuna kifo kimoja ambacho kilibadilisha mkondo wake. Mwezi wa Februari 2007, mwaka ule ule wa orodha ya maneno 30, mvulana wa miaka 12 alifariki katika jimbo la Maryland, Marekani. Jino lake lilikuwa limeoza, likafanya jipu, na vijidudu vikapanda hadi kwenye ubongo. Kuling'oa kungegharimu takriban dola 80. Alifanyiwa upasuaji wa kichwa mara mbili na kulazwa kwa wiki kadhaa, na haikusaidia. Familia yake ilikuwa ikihangaika kutafuta tabibu wa meno atakayeikubali bima ya serikali ya watu wasiojiweza.

Baada ya msiba huo, watafiti wa Maryland waliwaendea pande zote mbili. Waliwauliza wazazi wa watoto wadogo, na wakakuta kuwa wengi, hasa wenye elimu ndogo, hawakujua floraidi hufanya kazi gani. Kisha wakawauliza matabibu wenyewe: mnazungumza vipi na wagonjwa? Mwaka 2011 ikachapishwa tathmini ya matabibu wa meno wa Marekani nzima, nayo ikaonesha kuwa njia nyingi zilizothibitika kusaidia mawasiliano hazikutumika ila na wachache. Mojawapo ya njia hizo ni nyepesi mno: kumwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoagizwa, kabla hajaondoka.

Nasi tulipolisoma hilo tulitabasamu. Huko ndiko kusomeshwa tulikosomeshwa. Mwalimu hakukuruhusu kuvuka aya mpaka umemrudishia, na ukikosea hakuona kuwa umemvunjia heshima. Aliirudia yeye kwanza, polepole, kisha wewe tena. Ajabu ni kwamba mbinu hii iliyo uhai wa kila chuo cha Qur'ani inangojea kuingizwa kliniki kama kitu kipya.

Hatimaye hata tafsiri rasmi ilibadilika. Mwaka 2020 serikali ya Marekani, katika malengo yake ya afya ya kufikia mwaka 2030, iliugawa ufahamu wa afya sehemu mbili: ule wa mtu binafsi, na ule wa taasisi, yaani kadiri gani hospitali na mashirika yanavyowawezesha watu kuipata habari, kuielewa na kuitumia. Maana yake ni kuwa mwenye kusema naye amepewa mtihani. Tumewahi kukaa kwenye benchi la kliniki moja ambayo mabango yake yote ukutani yalikuwa ya Kiingereza, na karibu kila aliyekuwa akingoja alikuwa akizungumza Kimvita au Kidigo. Katika mtihani huo mpya, aliyeanguka si yule mama aliyekuwa akitazama picha.

Kwetu Kenya, Wizara ya Afya ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi ilitoa mwaka 2015 ripoti ya uchunguzi wa taifa wa afya ya kinywa. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na meno yaliyooza. Kwa watu wazima, 98 katika kila 100 walionekana na fizi zinazotoka damu. Idadi hiyo ni karibu sote. Na hapa ndipo ufahamu unapokosekana kwa namna ya pekee, kwani wengi wetu tukiona damu kwenye mswaki huacha kupiga mswaki mahali pale, tukidhani tumejijeruhi. Damu hiyo mara nyingi ni dalili kuwa ufizi umevimba kwa ajili ya utando uliobaki. Dawa yake ni kuusafisha zaidi, kwa upole, na kumwona tabibu isipokoma baada ya wiki mbili hivi. Wako wanaohofia udhu wao: katika madhehebu yetu ya Shafi damu ya fizi haitengui udhu, ila mtu asukutue aitoe, asiimeze.

Suala la mswaki wa mti haliepukiki, na hatutaki kuliepuka. Mtume wetu (S.A.W.) aliuhimiza kila wakati wa Swala, na hilo latosha kuwa sababu ya kuupenda. Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980 liliusifu kuwa njia inayofaa kwa jamii zilizouzoea, na ripoti ya wataalamu ya mwaka 2000 ikataka utafiti zaidi. Kwa maoni yetu anayeutumia asiuache, lakini ajue mipaka ya kijiti: hufika vizuri meno ya mbele, na kwa shida hufika nyuma ya magego, mahali ambapo meno ya watoto wetu huanza kutoboka. Wala hauna floraidi ya kutosha. Mtu anaweza kuwa na mswaki wa mti mfukoni mchana kutwa, na usiku akatumia brashi na dawa ya meno. Mwezi wa Ramadhani vivyo hivyo: baada ya daku na kabla ya adhana ya Alfajiri, kisha tena kabla ya kulala, baada ya tende, kaimati na vyote vilivyofuata futari.

Kuhusu sukari, moja tu, kwani wengi hulikosea. Kinachoumiza jino zaidi ya wingi wa sukari ni mara ngapi sukari inapita mdomoni. Kila mara tindikali hufanya kazi kwa muda wa kama nusu saa kabla mate hayajaituliza. Kipande cha halua kilicholiwa mara moja baada ya chakula kina madhara madogo kuliko mabuyu ya rangi yanayofyonzwa moja moja kuanzia Alasiri mpaka Magharibi. Muuza mabuyu wa mlangoni mwa madrasa atatusamehe. Na kwa akina mama wa tambuu: tangu mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeihesabu popoo, hata isiyotiwa tumbaku, kuwa ni kitu kinachosababisha saratani. Kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki mbili kipelekwe kwa tabibu.

Siku hizi utafiti umehamia kwenye simu, kwa kupima ubora wa video za meno zinazosambazwa, na hata majibu yanayotolewa na kompyuta. Hatutakaa sana hapo. Yanayozunguka katika makundi yetu ya WhatsApp mengine ni ya kweli nusu. Karafuu, kwa mfano, hutuliza maumivu, na mafuta yake hutumiwa na matabibu wenyewe; ila haizibi tundu. Aspirini iliyowekwa juu ya ufizi huuunguza ufizi.

Kuna nafasi iliyofunguka ambayo tunaona haijatumiwa. Tangu Septemba 2023 serikali imetawanya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Akibisha hodi kwako, muulize na meno. Na ukiwa mbele ya tabibu, usione haya kumwambia: "Ngoja nikurudishie ulivyoniambia, nione kama nimeshika." Akikueleza kuhusu dawa, muulize saa kwa majina yake: Alfajiri, Alasiri, kabla ya kulala.

Kwa walio na watoto wadogo, na wasiofikiwa na yeyote kwa sasa, haya ndiyo yaliyokubaliwa na wataalamu. Jino la kwanza likichomoza ndipo usafi uanze, hata kama ni la utotoni na litang'oka. Likioza humuuma mtoto, humnyima kula na kulala, na linaweza kudhuru lile linaloota chini yake. Asilale na chupa ya maziwa au juisi mdomoni. Asafishwe mara mbili kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe baada ya kula kwa mwisho usiku. Tazameni nyuma ya kibweta cha dawa ya meno mtafute floraidi ya kati ya 1000 na 1500 ppm. Chini ya miaka mitatu, paka dawa ya kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere, ateme asimeze. Na mkono unaoshika brashi uwe wa mzazi mpaka mtoto afike kama miaka saba au minane.